Fimbo ya Kimo na Safari ya Saba Saba

Jumatatu, 24 Juni 1968

Jumamosi ni fainali. Sisi wa Ipuli na wale wa Urambo. Mimi Dionis, mwalimu wa michezo na katibu wa Chama cha Michezo ya Wavulana Wadogo wa Shule Zisizo za Serikali, nimeshaamua kwamba tutashinda. Timu itakayochukua kombe inapanda treni kwenda Dar es Salaam kwa sikukuu ya Saba Saba, pamoja na mwalimu wake. Sijawahi kufika Dar. Tabora nzima imefika Dar isipokuwa mimi na mbuzi wa Mzee Mabruki. Nimemwambia mke wangu Tekla anifulie shati jeupe mapema.

Tatizo ni Jilala wa Urambo. Miguu kama ya korongo, na mwaka jana alitufunga mabao yote peke yake. Eti mtoto! Vyeti vya kuzaliwa hakuna. Ukimuuliza mzazi, anasema kijana alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige wamekuja miaka mingi. Kwa hiyo chama kinapima kwa fimbo. Kichwa kikiwa chini ya fimbo, wewe ni mdogo, cheza. Kikizidi, kaa nje. Na fimbo inatunzwa na nani? Na katibu.

Jumatano, 26 Juni

Nimeikata. Vidole viwili tu. Jilala kwisha.

Msumeno nimeazima kwa Mzee Mabruki, seremala, nikamwambia ni kazi za chama. Pale nilipokata nimepaka rangi ya viatu, hapajulikani. Tekla kauliza ni kazi gani ya chama inayomwaga vumbi la mbao kwenye unga wa ugali. Nimemwambia mambo ya uongozi hawezi kuyaelewa. Kasema ni kweli, hayaelewi, lakini ugali nitaula mimi. Nimeula.

Alhamisi, 27 Juni

Balaa. Nimewapima vijana wetu kwa siri baada ya masomo. Karibu wote wamezidi! Hata Modest, golikipa wetu, ambaye juzi tu alikuwa hafikii kitasa cha mlango. Wamerefuka lini? Mwaka mzima nanung'unika kwamba shuleni wanalishwa maharage matupu, kumbe maharage yanafanya kazi.

Nimekimbia nyumbani kutafuta kile kipande nikibandike tena. Tekla alishakitia jikoni. Ndicho kilichochemsha chai yangu ya asubuhi.

Sikati tamaa. Nimeamuru timu nzima inyoe vipara. Wameuliza kwa nini. Nimesema joto. Leo asubuhi walikuja wamevaa masweta.

Ijumaa, 28 Juni

Vipara havikutosha. Jioni nimewachimbisha shimo fupi nyuma ya goli, pale tunapopimia. Mpango ni huu: vijana wetu wasimame shimoni, wazame kidogo, na wageni wapimwe kando yake.

Padri, mkuu wetu wa shule, kapita akaona majembe. Nimemwambia ni Elimu ya Kujitegemea. Kafurahi mno. Kasema tangu Azimio la Arusha litangazwe hajaona mwalimu mwenye moyo kama wangu. Papo hapo kaamuru pawe bustani ya viazi, na samadi iletwe leo leo. Nimesimama pale nikitazama shimo langu likijaa samadi ya ng'ombe. Kesho tutapimia katikati ya uwanja, ambako ardhi ni sawa kama meza. Kuna watu hawawezi kupita bila kusaidia!

Jumamosi, 29 Juni

Sijui nianzie wapi.

Upimaji aliusimamia Mzee Yahaya, mwalimu wa shule ya Waislamu mjini na mwenyekiti wetu. Shikamoo na marahaba zilipokwisha, Urambo wakaanza kupita chini ya fimbo. Wamepita wote. Vitoto vitupu! Jilala hayumo. Kumbe aliacha shule zamani, yuko Ziba anamchungia mjomba wake ng'ombe. Nimekata fimbo kwa ajili ya mchungaji wa Ziba.

Vijana wetu wakafuata na vipara vyao. Waliopita hawakutosha hata kuanza mchezo.

Hapo Sylvester, mwalimu wa Urambo, akanivuta pembeni. Ndugu Katibu, akasema, hawa tunawajua, ni watoto, tuiweke fimbo kando wacheze mpira. Mzee Yahaya akasema yeye hana neno.

Nikafikiri haraka. Mtu ameshashinda, kwa nini aachie? Lazima ana lake. Tungewafunga, kisha angekata rufaa na kunitia aibu mkoa mzima. Hanipati. Nikasema kwa sauti kila mtu asikie: sheria ni sheria, fimbo imeshasema.

Urambo wamechukua kombe bila kugusa mpira. Modest alilia. Nami nilitaka kulia, ila nilikuwa nimeshika fimbo.

Jumapili, 30 Juni

Kanisani Padri kanitaja katika mahubiri, mtu aliyewatoa vijana wake mwenyewe kwa ajili ya haki. Waumini wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa kwa hasira, wakaona unyenyekevu. Timu yangu haikunisalimu. Benchi zima la vipara lilitazama dirishani.

Mchana Sylvester kaja nyumbani. Kasema nafasi za walimu kwenye treni ni mbili, na Urambo mwalimu wao ni yeye tu. Angependa twende wote, kwa kuwa watu wa haki kama mimi ni wachache. Tekla akainuka saa ile ile kutia makaa kwenye pasi. Nikamwambia Sylvester nitamjibu kesho.

Jumatatu, 1 Julai

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Mshindi hampi aliyeshindwa kiti cha treni hivi hivi. Atanifanya yaya wa watoto huku yeye anatembea mjini. Au anataka nitoke Tabora, nyuma yangu waninyang'anye ukatibu. Nimemjibu asante, nina kazi. Kajifanya amesikitika. Kiti kakichukua Mzee Yahaya, ambaye Dar ameshaichoka.

Tekla kaniuliza, Baba Apolinaria, na kama alikuwa anakupa tu? Nimecheka. Kalikunja lile shati jeupe, kalirudisha sandukuni, kaenda kuteka maji.

Treni imepiga honi sasa hivi, inaondoka. Nami nimepata wazo. Mwakani chama kiachane na kimo, kipime uzito. Vijana wetu ni warefu, lakini wote wembamba. Mizani nitaitunza mimi.