Mwaka Niliouchonga Kwenye Kaunta

Jumatatu, 4 Machi
Baa yetu itabomolewa ili ipatikane nafasi ya kuegesha magari. Shangazi, mwenye baa, ametuambia hivyo huku akifuta bilauri, kama anayetangaza mvua. Alhamisi anakuja afisa wa majengo ya kale. Akiona baa ina thamani, itabaki. Nimekalia kiti cha dirishani miaka thelathini na mmoja. Nitahamia wapi? Nyumbani, mke wangu amesema nisithubutu.

Jumanne, 5 Machi
Nilifundisha historia, kwa hiyo najua: jengo lisilo na tarehe ni kama mtu asiye na cheti. Nimechonga 1908 kwenye kaunta kwa msumari, Shangazi akiwa stoo. Nikapapaka chai ya rangi ili pazeeke. Kazi safi. Kinyozi, anayekitamani kiti changu, ameuliza kidole changu chenye bendeji kimepatwa na nini. Nimemjibu ni utafiti.

Jumatano, 6 Machi
Hotuba tayari. Kurasa kumi na tisa, bila utangulizi. Nimewasihi wateja wasifike kesho, wasije wakashusha hadhi ya mahali. Kinyozi amesema atawahi, maana kiti kitakuwa wazi.

Alhamisi, 7 Machi
Afisa, mama mpole, ameikagua 1908 kwa miwani. Bahati mbaya seremala alikuwa ameingia kuchukua ufunguo wake. Akasema kaunta hiyo aliitengeneza yeye mwaka juzi, ya zamani ilipoliwa na mchwa. Kinyozi akacheka hadi akashika ukuta: Mwalimu, hata chai haijakauka.

Nikaendelea na hotuba. Ukurasa wa nne, muuguzi akaja kumwachia mama yake ufunguo. Wa sita, mjane wa jirani akaja kusomewa barua. Wa saba, fundi bomba akauliza nani kampigia. Watu hawana adabu. Afisa akageukia ukuta wa nyuma, akahesabu funguo ishirini na sita kwenye misumari, akaanza kuandika. Mimi hakuniandika.

Jumatatu, 11 Machi
Barua imefika. Baa haibomolewi. Afisa anasema mtaa mzima umeweka milango yake mikononi mwa Shangazi, na mahali pa namna hiyo hapajengwi upya. Kuhusu historia, sentensi moja: kaunta ni mpya.

Ni wazi hotuba ilimlainisha. Kosa langu lilikuwa dogo, la kitaaluma tu: nilichagua ubao usiofaa. Mlango wa nyuma ni wa kale kweli. Nimeketi dirishani, bia baridi, msumari mfukoni. Naona 1897 itapendeza zaidi.