Nani Anakunywa Mursik ya Wakwe?

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Nimepoteza mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, kina cha vidole vinne, kati ya jana jioni na leo alfajiri. Naandika kwa hasira. Hiki ni kibuyu ambacho mke wangu Chepkemoi amewawekea wakwe wanaokuja Jumamosi kumposa binti yetu Rebeccah. Kikifunguliwa mbele yao kikiwa nusu, posa imekwenda na maji. Watasema hatuna ng'ombe! Mimi, niliyeanza kwa kutembeza mayai hadi Kericho kwa miguu, leo nina duka la mabati hapa Sosiot! Jana nilipima kwa unyasi: maziwa hadi shingoni. Nikaonja kidogo tu, kuhakikisha yameiva. Leo, pungufu.

Jumanne
Mshukiwa: shemeji Johana, ndugu ya Chepkemoi, anayekaa kwetu na kukamua ng'ombe. Anaimba akikamua. Mtu haimbi hivyo kwa ugali peke yake. Nimefunga kifuniko kwa uzi, mafundo matatu ya kwangu mwenyewe. Kisha nikafungua, kuona kama mwizi angeweza. Anaweza. Nikaonja, nikafunga.

Jumatano
Vidole saba! Na mafundo yako vile vile. Sielewi. Mafundo hayo nayajua mimi tu. Basi Johana amekuwa akinichungulia. Ulafi, na juu yake upelelezi!

Alhamisi
Nimepata dawa. Mursik ina unga wa mkaa. Anayeinywa kibuyuni hubaki na weusi mdomoni. Asubuhi, mara tu nilipotoka kukagua kibuyu, nikawapanga wote mstari. Johana: midomo safi. Chepkemoi: safi. Rebeccah alicheka hata sikuona vizuri. Johana akaniuliza, shemeji, na masharubu yako tutayakagua lini? Nikamwambia mwenye mali hakaguliwi. Chepkemoi akasema, Baba Rebeccah, si una vioo tele dukani, jiangalie kimoja. Nikamjibu vioo ni vya kuuza, si vya kuchakaza. Wakazidi kucheka. Mwizi yumo ndani, posa iko hatarini, wao wanacheka!

Jumamosi
Wakwe wamefika. Kibuyu kitupu! Na nilikuwa nimekikagua mara mbili leo hii hii. Mara Chepkemoi akatoa kibuyu kingine, kimejaa pomoni. Eti alikificha chumbani kwa Johana tangu Jumatatu. Wakwe wakanywa, wakasifu, posa ikakubaliwa. Mzee Kipkosgei, baba ya bwana harusi, akaniangalia usoni muda mrefu, kisha akanipa leso yake nyeupe. Zawadi ya mkwe! Nikashukuru, nikaitia mfukoni. Akashangaa. Nami nikashangaa anashangaa nini.

Jumapili
Nimefikiri ibada nzima, mahubiri sikuyasikia. Kibuyu kizima chumbani kwa Johana! Ushahidi gani tena? Alipokwenda kwa ng'ombe nikaingia kwake, nikaonja masalio ya kibuyu kilichorudishwa humo, kujua kama ni maziwa ya ng'ombe wangu. Ni yenyewe. Yamekwisha. Nikajipangusa kwa leso ya Mzee Kipkosgei, nikaikunjua: nyeusi tii! Kumbe mzee mzima alinipa leso chafu. Watu hawajioni kabisa.

Johana nimemwambia mbele ya dada yake: kesho saa mbili asubuhi, kabla sijafungua duka, nataka jibu la moja kwa moja, bila kuimba. Ni yeye au si yeye?