Vyuma vya Kumchelewesha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema moyo wa Mama umechoka. Kasema tumpe raha, siku si nyingi. Si nyingi! Nani kamuuliza? Nimerudi kwenye uwanja wangu wa vyuma chakavu, nikalia nyuma ya mizani wateja wasinione.
Jioni redio ikaleta neema. Mtaalamu kaeleza kwamba wakati haukimbii sawa kila mahali: karibu na kitu kizito unakwenda polepole. Kwenye shimo jeusi, huko angani, penye uzito usiosemeka, unakaribia kusimama. Basi! Uzito ninao. Uwanja mzima umejaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwingizia Mama injini mbili za lori chini ya kitanda, na gurudumu la treni upande wa kichwa. Nikamwambia wezi wamezidi uwanjani. Akasema pole baba, ila mwizi wa kubeba gurudumu hilo mpeni chai, atakuwa hoi.
Dada akajikwaa akimletea dawa. Maneno aliyonipa siyaandiki.

Alhamisi, 6 Machi
Imekubali! Saa ya ukutani chumbani kwa Mama imesimama! Saa nne na robo, haisogei! Nimepiga magoti. Nikamwita shemeji, mume wa Dada, mwalimu wa fizikia na mjuaji wa kupindukia, aje ajionee. Akapanda kiti. Akabadili betri.
Kisha akanihutubia. Eti hata mlima mzima ukiuweka kando ya kitanda, haumwongezei Mama hata kufumba na kufumbua. Eti ndani kabisa ya shimo jeusi wataalamu wenyewe wamekwama: kanuni za vitu vikubwa na kanuni za chembe ndogo kabisa hazijapatana mpaka leo. Nikamwambia ni kama mimi na yeye. Hakucheka. Shemeji akianza kueleza, hata nzi husinzia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kutoa vyuma, kichwa chini. Mama akauliza kulikoni. Nikamwambia yote: redio, shimo jeusi, injini. Nikamwambia sitaki aende. Mtu mzima mimi na mvi zangu!
Alicheka mpaka nikauogopea ule moyo. Akanishika mkono, na grisi yake yote. Akasema tangu Jumanne alijua hakuna mwizi. Alinyamaza kwa kuwa kila nikileta chuma nakaa kukipangusa, na nikikaa tunapiga soga. Zamani, akasema, siku ilikuwa haiishi, anahesabu nyufa za dari. Sasa akigeuka tu jua limezama. Akaniomba vyuma viondoke, mimi nibaki.
Nikabaki. Tumecheka tangu asubuhi, mara giza hilo!

Jumapili, 9 Machi
Nimeamka na hofu. Mama mwenyewe kasema: nikiwepo, siku zake zinakwenda mbio! Kumbe mwizi ni mimi!
Lakini kumwacha peke yake siwezi, naapa. Nampenda mno. Nimekuna kichwa mpaka nikapata dawa. Kuanzia kesho tutakaa watatu: Mama, mimi, na shemeji katikati. Atufundishe zile kanuni zisizopatana, taratibu, kuanzia mwanzo.
Wakati utasimama wenyewe.