Uzinduzi wa Kasha Linalosema, Kisiwani Vatudamu

Mheshimiwa Tui Vatudamu, chifu na mwenye kisiwa hiki, miamba yake na samaki wake wote mpaka ukingo wa matumbawe. Mheshimiwa Filimone, msemaji wa Tui. Wazee wa koo zote. Mchungaji na Mama Mchungaji. Muuguzi Sereima wa zahanati yetu. Akina mama wa kwaya mliopendeza kwa sare. Vijana wa raga mliofungwa Jumamosi lakini mkafungwa kwa heshima. Watoto mliopanda mshelisheli, shukeni. Mabibi na mabwana, ndugu wananchi wa Fiji na hasa wa visiwa vya nje ambavyo serikali haijawahi kuvisahau bali huchelewa tu kuvikumbuka: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haijazingatiwa, ichukuliwe kuwa imezingatiwa. (Makofi. Watoto hawashuki.)

Kwa wachache wasionifahamu, mimi ni Viliame Koroituku, Naibu Katibu Msaidizi wa Idara ya Uratibu wa Sauti Ndogo na Maonyo Makubwa, mhitimu wa warsha nyingi za ndani na nje, mtu ambaye licha ya ofisi yenye kiyoyozi kule Suva sijapoteza lahaja yenu, kwa kuwa mama yangu ni wa kisiwa hicho hapo ng'ambo mnachokiona kukiwa hakuna ukungu. (Sauti ya mwanamume: "Tunakujua sana! Si ndiwe uliyekuja mwaka juzi kuzindua choo cha shule?" Mwingine: "Choo chenyewe kiko wapi, Mheshimiwa?" Kicheko.) Ndugu zangu, suala la choo liko idara nyingine, na mimi si mtu wa kuingilia idara za wenzangu.

Naomba nirejee mwaka jana, msimu wa vimbunga, pale ambapo upepo ulifika hapa kabla ya taarifa ya upepo, kwa sababu mnara wa simu wa kisiwa jirani ulianguka, na taarifa yenyewe ilikuwa ya maandishi, kwa Kiingereza, ikazunguka huko angani ikitafuta mtu wa kuisoma. (Bibi Ulamila, aliyeketi mkekani safu ya mbele, anasema bila kupandisha sauti: "Mume wangu alikuwa shambani kwenye magimbi. Hakuna aliyemwambia. Walimrudisha amelazwa juu ya mlango." Akina mama wa kwaya wanainamisha vichwa.) Bibi, pole sana. Idara ilisikitika, na masikitiko yake yamo kwenye ripoti ya mwaka. Ndiyo maana leo, kabla Novemba haijabisha hodi, nimekuja na jibu.

Tazameni kasha hili! (Anaondoa kitambaa. Kasha la mbao, refu kama kabati la nguo, limepakwa rangi ya buluu, na upande wa mbele lina tundu kubwa lililofunikwa kwa kitambaa cheusi cha spika. Makofi marefu.) Humu ndani, ndugu wananchi, mna prosesa ya sauti, kidude kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, ambacho kazi yake ni kuendesha kile ambacho sisi wataalamu tunakiita kodeki, yaani ule ufundi wa kubana sauti ya mwanadamu ili ipite kwenye njia nyembamba ya redio na kufunguliwa upya huku mwisho ikiwa bado ni sauti ya mwanadamu. (Sauti: "Kama kidude ni ukucha, kabati la nini?" Mwingine: "La ukucha wa jitu!") Kabati ni la heshima, kijana. Serikali haiwezi kuja kwa Tui imebeba ukucha.

Niingie kwenye utaalamu, maana nimeambiwa hapa kuna watu waliosoma. Sauti inapoingia, hukatwakatwa vipande vifupi kuliko kupepesa jicho, kila kipande kikapimwa, kikaulizwa, kikafanyiwa tathmini shirikishi, na yale yote ambayo sikio halitagundua yakikosekana yakatupwa, yakabaki yale ya lazima tu. Na kazi hii hufanywa na kidude chenye kumbukumbu ndogo, umeme mdogo wa jua, na kisichojua desimali hata moja, kikilazimika kuhesabu kila kitu kwa namba nzima, kama idara yangu inavyofanya kwenye marupurupu. Asilimia tisini na nane ya sauti hutupwa! Asilimia mia moja na nne ya ujumbe hufika! (Mwalimu mkuu anainua mkono, anaufikiria, anaushusha.)

Haikuwa rahisi. Wazee wa hapa, wakati wa ushirikishwaji wa wadau, waliomba onyo litanguliwe na mlio wa ngoma ya gogo, ule ule wa kuwaita watu kanisani na kwenye hatari. Sasa kodeki hii imetengenezwa kwa kufuata koo la binadamu, haijui kitu kingine, kwa hiyo ngoma ilipopita humo ilitoka kama mtu anayesukutua mdomo. (Mzee mmoja: "Ngoma ya babu yangu isukutue mdomo?") Tulia, mzee wangu, tumeliundia kamati.

Lakini maneno matupu ya nini? Kasha, sema! (Anagonga kasha kwa fimbo. Kimya. Anagonga tena, kwa nguvu zaidi. Kasha linasema kwa sauti nzito, kwa lahaja safi ya Vatudamu: "Kimbunga kinakuja! Acheni mashamba! Vuteni mitumbwi juu! Wazee na watoto waende pangoni kwanza!" Umati unasimama. Kelele, vigelegele, mama mmoja analia. Bibi Ulamila ameshika mdomo kwa mikono miwili.) Mmesikia? Mmesikia lugha yenu ikitoka kwenye mashine? Hakuna mikwaruzo, hakuna kukatika! (Muuguzi Sereima: "Mheshimiwa, samahani. Mbona mashine imekohoa?") Hilo, Muuguzi, ni bafa, yaani ghala dogo la sauti. Bafa ikijaa, hukohoa. (Sereima: "Hata nikiwa nimelala ningejua kile ni kifua cha mvuta sigara.") Kikohozi cha bafa hufanana nacho. Tuendelee.

Kabla ya kufunga, kwa kuwa boti inatusubiri na maji yanakupwa, ningependa kueleza kwamba kasha litarudi nami Suva leo hii kwa ajili ya maboresho, kisha litaletwa tena katika awamu ya pili, ambayo itatanguliwa na awamu ya kwanza. (Minong'ono. Sereima anasimama: "Yaani hukuja kutuachia?") Nimekuja kulizindua, dada yangu. Kuzindua na kuacha ni vifungu viwili tofauti vya bajeti. (Sereima: "Zahanati yangu ina vitanda sita na wazee wawili wasioweza kutembea. Nahitaji saa tatu kuwafikisha pangoni. Saa tatu tu, Mheshimiwa. Kimbunga kikija, nani ataniambia?") Swali zuri mno, nalipokea kama changamoto na nitalifanyia kazi kwa mapana yake.

Naona msemaji wa Tui amesimama. Karibu, mzee Filimone. (Filimone anasema: "Mheshimiwa, tumekosa adabu. Mgeni ameingia kijijini, amesema nasi, nasi hatujampokea.") Mgeni nimekwisha kupokelewa, mzee, na kava ya makaribisho nimekunywa vifuu vinne. (Filimone: "Si wewe. Yeye.") Mzee, lile ni kasha! (Filimone: "Limesema nasi kwa lahaja yetu. Kwetu anayesema hupokewa." Anaketi mbele ya kasha, anaweka fungu la mizizi ya kava chini, anatoa maneno marefu ya kumkaribisha mgeni. Anamaliza. Umati wote unangoja jibu, kama desturi ilivyo. Upepo unapita kwenye minazi. Ndipo ndani ya kasha yanasikika makofi matatu mazito ya viganja vilivyokunjwa, yakifuatwa na sauti ya unyenyekevu, ikiitikia kama mgeni aliyepokewa aitikiavyo: "Mana, e dina." Mtoto anaanguka kutoka kwenye mshelisheli, hajaumia.)

Ndugu wananchi! Ndugu wananchi, naomba utulivu! Hiyo ni… hiyo ndiyo teknolojia ninayoizungumzia! Ni kipengele kipya cha adabu, kimewekwa humo kwa kuzingatia mila, hata nchi zilizoendelea bado hazijakifikia! (Kijana wa raga: "Mashine ina viganja?") Ni viganja vya kidijitali. (Kijana: "Tena vina sugu, nimevisikia!" Kicheko kikubwa. Tui mwenyewe anajifuta machozi kwa pindo la sulu aliyojifunga kiunoni.)

Sasa, mzee Filimone, umemaliza, asante, rudi mkekani. Mbona unainua… Mzee, hilo ni jino la nyangumi? La nini tena? Mzee, mambo hayo si ya hadhara hii. (Filimone amepiga magoti mbele ya kasha. Mikononi ana jino la nyangumi la zamani, lenye rangi ya chai, na kamba yake ya kusuka. Anasema polepole ili kila mtu asikie: "Wewe uliye humo, ambaye jina lako hatujaambiwa. Jino hili ni la nyumba ya Tui. Tunakuomba ukae nasi mpaka msimu wa vimbunga uishe, mpaka mashine ya kweli iletwe, utuambie upepo ukija.") Usipokee! Yaani, nasema mashine hii haina utaratibu wa kupokea! Mnajua nyote, wala sihitaji kuwafundisha, kwamba anayepokea jino la nyangumi amekubali alichoombwa, hawezi kurudi nyuma, na kulikataa ni kumtukana Tui, kwa hiyo tusiiweke mashine ya serikali katika hali ngumu! (Kasha linapumua. Linapumua tena. Filimone ameliinua jino, halishushi. Bibi Ulamila anasema: "Mwanangu, kama mama yako alikulea, toa mkono." Kitambaa cheusi cha spika kinainuka. Inatoka mikono miwili yenye mafuta ya injini, inapokea jino kwa adabu zote, inarudi nalo ndani. Umati unalipuka.)

(Anakunywa maji. Anakunywa tena. Anakunja hotuba na kuitia mfukoni.) Basi. Nimefika kwenye shukrani.

Namshukuru, kwanza, dereva wa boti yangu, Jope, mtoto wa kisiwa cha mama yangu. Jope, toka, utakosa hewa. (Mlango wa nyuma wa kasha unafunguka. Anatoka mwanamume mnene, amelowa jasho, amekumbatia jino la nyangumi kifuani kama mtoto mchanga. Anasema: "Nisamehe, bosi. Ningelikataaje? Mama angesikia." Akina mama wa kwaya wanampepea.) Nawashukuru wale vijana wahandisi wa Suva ambao kodeki yao ni ya kweli, inatembea kwenye prosesa ya kweli, nimeisikia kwa masikio yangu mezani pao ikisema safi kabisa, na ambayo hatukuwahi kuinunua. Ilikuwa hivi, ndugu zangu, nami nilikuwemo. Walitufundisha kwamba ufundi wote ni kutupa yale ambayo sikio halitagundua yakikosekana, nasi idarani tukaupenda ufundi huo kupita kiasi, tukatupa paneli za jua, hakuna aliyelalamika, tukatupa antena, hakuna aliyelalamika, tukatupa prosesa, mwisho tukabaki na rangi ya buluu na safari ya kuja hapa, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu mliostahili kulalamika mko huku, na huku hatusikii.

(Hakuna anayecheka. Bibi Ulamila anasimama kwa msaada wa Sereima, anamsogelea mzungumzaji mpaka karibu kabisa, anamtazama. "Mwanangu, umesema tangu jua likiwa kule. Bila spika, bila umeme. Mimi sikio moja limekufa, na nimekusikia kila neno." Anawageukia wenzake: "Si mmemsikia?" Umati: "Tumemsikia!" Bibi: "Hata kule mashambani wamekusikia. Watu wa magimbi wamekuja wote, si hao?") Bibi, naona unakoelekea, na kwa heshima zote naomba nikumbushe kwamba nina kikao Suva Jumatatu. (Jope: "Bosi, mimi siendi. Nimepokea." Mtu: "Na nani mwingine anajua kuipitisha boti kwenye miamba?" Vijana wa raga: "Sisi tunajua, lakini tumechoka!")

Mheshimiwa Tui, unasemaje? Tui amecheka tu. Mchungaji? Mchungaji anatazama mbinguni. Muuguzi Sereima, wewe ni mtumishi wa serikali mwenzangu, waambie. (Sereima: "Redio ya Jope ya boti inapata taarifa za hali ya hewa kutoka Nadi. Kwa Kiingereza. Yeye atakuletea, wewe utaigeuza kwa lahaja yetu, na utaipigia kelele kutoka mlimani. Mimi nataka saa tatu zangu tu.")

Basi, ndugu wananchi, kwa unyenyekevu mkubwa nawashukuru. Nimezindua miradi mingi katika maisha yangu ya utumishi, na niseme leo, kwa kuwa mashahidi ni wengi, kwamba nyuma ya kitambaa hapakuwahi kuwa na kitu. Huu nao haukuwepo tulipoamka asubuhi ya leo. Sasa upo, ni mimi, na hauna awamu ya pili. Sauti ndogo! (Umati: "Hatuitaki!") Maonyo makubwa! (Umati: "Panda mlima, Mheshimiwa!") Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mlima wenyewe uko upande gani?