Mtaalamu wa Ufundishaji Apewa Darasa

Jumanne, 4 Novemba
Winnipeg. Theluji imeanza, na wahadhiri wa chuo hiki bado hawajui kufundisha. Kazi yangu ni kuwaelekeza. Leo makamu mkuu wa chuo, Bi. Thorvaldson, ametangaza kwamba kitengo chetu kinabadilika: warsha basi, sasa tuingie madarasani tufanye kazi na wahadhiri bega kwa bega. Atateua kiongozi. Nani tena kama si mimi? Hawezi kuwa Odile Gauthier, mwenzangu ofisini, anayeshinda kantini akiuliza wanafunzi wanakwama wapi. Huo nao utaalamu?

Jumatano, 5 Novemba
Nimemwendea Profesa Kowalchuk wa kemia, mzee anayehutubia ubao. Nikamwarifu kwamba mihadhara imepitwa na wakati. Akauliza mara ya mwisho nilifundisha lini. Nikasema mimi hufundisha wanaofundisha. Akacheka mpaka akakohoa.

"Basi chukua darasa langu keshokutwa, bwana mkubwa. Nitakaa nyuma nijifunze."

Nimekubali, na nimemwalika Bi. Thorvaldson. Odile kajitolea kunipitisha kwenye mada. Nimekataa. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Novemba
Ukumbi ulijaa. Nikawagawa makundi, nikawapa kalamu za rangi wachore hisia zao kuhusu asidi. Binti mmoja akauliza kwa nini asidi nyingine ni kali na nyingine dhaifu. Nikamrudishia: yeye anaonaje? Akasema haoni kitu, ndiyo maana kauliza. Nikawatupia wenzake swali. Kijana wa nyuma yake akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuna mtihani wiki ijayo. Kama hujui, sema tu hujui."

Wakaangua kicheko. Kowalchuk akashuka taratibu, akashika chaki, akaeleza. Odile, aliyekuja kutazama, akapita kwenye viti akiuliza nani hajaelewa, akampelekea mzee maswali yao. Kalamu zote zikaanza kuandika. Bi. Thorvaldson akahamia karibu nao. Mimi nilikuwa sakafuni, nakusanya kalamu za rangi.

Jumatatu, 10 Novemba
Odile kateuliwa. Amenisihi, kwa upole wa kuudhi, nikae nyuma ya darasa la Kowalchuk muhula mzima, nisikilize tu. Nimeitikia. Sitakwenda, nina kazi. Naandaa warsha kwa wahadhiri wote: Namna ya Kumudu Darasa Gumu, kwa mifano niliyoipitia mwenyewe. Kowalchuk nimemwandikia awahi kiti cha mbele. Mzee ana mengi ya kurekebisha, hasa ile tabia yake ya kujibu maswali.