Turubai Lako na Miche Yangu Minne

Kwa Mwenyekiti wa Wapangaji,
Mlango wa Tatu, ng'ambo ya ua.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi sijambo, ila miche yangu ya nyanya ni mahututi, na ndiyo maana nimeona niandike badala ya kuvuka ua hatua kumi na mbili.

Kama ujuavyo, nilikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na moja, na hata msumari haukutoka mikononi mwangu bila saini. Mbegu hizi marehemu mke wangu aliziacha zimefungwa fundo kwenye pembe ya leso. Zilikuwa kumi na moja, zimeota nne. Nyingine hakuna, leso nimeikung'uta mara mbili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jua. Turubai ulilolitandaza uani limefika hadi dirishani kwangu. Miche, kwa kulitafuta jua, imerefuka myembamba na kuinama upande mmoja, kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani. Mmoja tangu juzi umelala kabisa.

2. Upepo. Gazeti limeandika kwamba mche usiopigwa na upepo haupati shina la maana. Kwa kuwa upepo nao umeuzuia, napepea mwenyewe kwa mfuniko wa sufuria, mara mia tatu asubuhi, mia tatu jioni. Daktari amelitazama bega langu akaniuliza ninafua nguo za nani. Nilimwonyesha mfuniko.

3. Maji. Jua likikosekana, lazima lifidiwe. Natoa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kimeandikwa daftarini. Sasa udongo unanuka na kuna vijidudu vinaruka. Hivyo navyo navihesabu kuwa vyako.

4. Mkeo. Naandika kwa adabu, maana shemeji ni shemeji. Kila asubuhi akifagia anapaza sauti: "Shemeji, hiyo miche si wafungwa! Itoe nje nayo ione dunia. Na maji yote hayo, unalima mpunga?" Mwenyekiti, kitu kikitoka stoo hakirudi kilivyotoka. Mke wangu nilimtoa nyumbani mwenyewe, aende hospitali siku mbili tu. Sirudii kosa.

Kwa hiyo naomba turubai liondolewe. Ikishindikana, tubadilishane nyumba hadi nyanya ziive. Niko tayari kuhama leo. Hilo nalo likishindikana, jengo lenu lisogezwe kidogo upande wa barabara. Sina haraka, hata wiki ijayo.

Wasalimie wote wa ndani, wakubwa kwa wadogo, na shemeji pia.

Wako anayesubiri utekelezaji,
Mtunza Stoo mstaafu, Mlango wa Saba.

N.B. Nimeileta barua mwenyewe, sikukukuta. Miche sikuweza kuiacha peke yake, nikaja nayo, nikaiweka chini ya turubai lako. Jua lilikuwa linapenya kidogo kidogo, na upepo ulipita wenyewe bila mfuniko. Nimekaa kwenye benchi lako tangu asubuhi, na alasiri hii ule uliolala umeinua kichwa. Nimeuangalia mpaka machozi yakanitoka. Tafadhali turubai lisiguswe. Miche nimeiacha hapo, na shemeji amenisainia: minne, imepokelewa ikiwa hai.