Msimfungue Bibi Macho, Steringi Hajaoa Bado

Kwa Daktari Mkuu wa Macho,
Hospitali ya hapa mjini, mlango wa kijani.

Ndugu Daktari,

Naomba nijitambulishe mwenyewe, maana ukimuuliza mwingine atanipunguza. Mimi ndiye mfasiri bora wa filamu za Kihindi na za Hollywood aliyewahi kuzaliwa na mwanamke, na Kihindi sijui hata salamu. Kiingereza nilikiacha kidato cha pili, tukaachana kwa amani. Mchana natengeneza simu kibandani, na kuanzia saa kumi na moja natengeneza filamu. Filamu hupona zote. Simu sisemi.

Mteja wangu mkuu ni bibi yangu mzaa mama, yule uliyemmulika kwa kurunzi ukamkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ulimwambia, kwa sauti ya mtu anayegawa pipi, kwamba ni kazi ya dakika ishirini, kwamba mtamwandikia siku, na kwamba akitoka kwenu ataangalia runinga mwenyewe bila kusimuliwa na mtu. Bibi akakushukuru mpaka akataka kukupigia magoti. Mimi niliyekuwa nimemshikia mkoba sikuulizwa. Miaka miwili namsimulia filamu, halafu unaniachisha kazi mbele yangu, huku unatabasamu.

Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu steringi, yaani yule kijana mkuu wa filamu. Bibi haoni sura ila sauti hasahau. Sasa hawa Wahindi wana mchezo mbaya: steringi aliyekuwa polisi wiki iliyopita, wiki hii ni jambazi. Nyinyi wenye macho mnasema ni mwigizaji yule yule, yameisha. Bibi aliniuliza, "Huyu si ndiye yule polisi aliyemzika baba yake juzi?" Ningefanyaje? Nikasema ndiye, kafukuzwa kazi, dhiki imemtia kwenye ujambazi. Filamu iliyofuata akaja ni mwalimu wa muziki. Nikasema ametubu. Basi filamu zote za Kihindi zimekuwa moja, na kijana wa watu bado hajaoa. Anampenda binti ambaye kila wiki ana baba mpya, na baba wote wanakataa. Bibi anamwombea mke kila siku kabla ya kuniombea mimi. Mkimfungua macho leo, nani atamwozesha?

2. Kuhusu Hollywood. Watu wa Hollywood wana tabia ya kunyamaza ghafla. Wewe ni mtu mzima, unajua wakinyamaza huwa wanafanya nini. Nimekaa na bibi yangu mkeka mmoja, muziki wa polepole umeanza, Bibi anauliza mbona kimya. Nikasema wanaomba dua. Tangu siku hiyo Bibi anaiheshimu Hollywood kuliko ukoo wetu wote. Anasema watu wale, pamoja na mabomu yao, hawafanyi jambo bila kuomba, tena wawili wawili, tena hata ndani ya lifti. Binamu zangu wasiosali wanasutwa kwa mfano wa Hollywood. Daktari, uko tayari kubeba lawama siku Bibi atakapofumbua macho aikute dua yenyewe?

3. Kuhusu ukweli. Watu wanasema mimi naongeza chumvi. Mimi napunguza. Ile ya Kihindi ya jamaa mwenye masharubu, alipiga kofi moja wakaanguka watu kumi na wawili na pikipiki. Nikamsimulia Bibi wameanguka wawili. Akasema hao wengi. Nikabakisha mmoja, tena nikasema alikuwa ametoka kuugua malaria. Ile ya Hollywood, gari liliruka kutoka darajani likaingia ghorofa ya saba ya hoteli, dereva akashuka anapangusa koti. Nikasema limepata pancha. Kelele zilizofuata, nusu saa nzima ya vyuma na vioo, nikasema ni fundi anagombana na jeki. Bibi akasema mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo. Sasa akiziona zenyewe, atasadiki kwamba mimi ndiye mkweli na macho mapya ndiyo yanayodanganya, na atarudi kwako kudai umrekebishe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka miwili sasa, tena imewekwa lami.

4. Kuhusu kimo changu. Bibi anajua mjukuu wake ana kimo cha steringi. Akitaka kunishika bega mimi husimama juu ya kigoda. Sina la kuongeza.

5. Kuhusu runinga. Runinga yetu haina picha. Ilizimika mwezi wa tatu, ikabaki sauti. Bibi hajui, na sikuona sababu ya kumhuzunisha. Wanaojua ni mimi na dada fundi cherehani wa mlango wa pili, mwenye macho ya kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, na ambaye kwake ana runinga kubwa inayoonyesha hata jasho la mtu. Lakini kila jioni anakuja na kigoda chake anakaa analikodolea lile giza. Nilimuuliza dada, kulikoni? Akajibu kwamba kwake anaona midomo inacheza tu, kwetu anajua nani kamkosea nani. Juzijuzi tulikuwa na ya Hollywood ya mtu aliye peke yake angani kwenye chombo chake. Saa nzima hasemi neno. Tulipewa pumzi tu, Daktari, pumzi inaingia, pumzi inatoka. Kwa pumzi ile nilimpa jamaa mke, watoto wawili, mama mkwe na kesi ya shamba. Fundi cherehani alilia akatumia nguo ya mteja kujifutia. Sasa Bibi akifumbuka, kitu cha kwanza atakachokiona ni watu wazima wawili wanashangilia kioo cheusi. Atawaita majirani. Mtapata wagonjwa wengine, na si wa macho.

6. Jumapili tulipata ya Kihindi ya mama kipofu aliyepotezana gulioni na wanawe, steringi akiwa mmoja wao. Nilijua ni kipofu kwa sababu kila mtu akiingia alikuwa anauliza, "Nani?" kwa sauti moja ambayo hata asiyejua Kihindi anaijua, kwa kuwa nyumbani naisikia kila nikirudi kutoka kazini. Mwishoni kulikuwa na ngoma, vilio, kengele, nikasema macho yake yamefunguka. Bibi akanishika mkono, akauliza alipofumbua alimwona nani kwanza. Nikasema, "Mjukuu wake."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu katoka wapi, mume wangu, na steringi hajaoa?"

Nikainuka nikaizima runinga. Miaka miwili sijawahi kuizima kabla ya wimbo wa mwisho. Namba hii haina lalamiko ndani yake, nimeiandika kwa sababu ilitokea.

Kutokana na hayo naomba, bila kukulazimisha: kwanza, upasuaji usubiri mpaka kijana aoe, nami naahidi kumhimiza. Ikishindikana, fungueni jicho moja tu, la upande wa dirishani, hili la upande wa runinga mniachie. Ikishindikana na hilo, niajirini kwenye wodi yenu niwasimulie wale mliowafunga bandeji. Baada ya mwezi mmoja waulizeni kama bado wanataka kufunguliwa. Mkiona wanakataa, itabidi hospitali nzima ifikirie upya inafanya kazi gani, na mimi nitakuwa tayari kuwashauri.

Nisalimie manesi wote, hasa yule mwenye sauti nzito, ambaye Bibi anaamini aliwahi kuwa mama mkwe katika filamu moja. Msalimie na mlinzi wa getini, na wote waliokaa kwenye foleni bila kusimuliwa chochote.

Ni mimi ninayeumia kwa adabu zote,
Mfasiri Mkuu.

Tanbihi: Hayo ya juu niliyaandika juzi nyumbani. Haya nayaandika kwenye benchi, nje ya mlango wako, na nesi ameahidi kukupa karatasi zote pamoja.

Siku mliyomwandikia Bibi ilikuwa tarehe tisa mwezi uliopita. Barua niliipokea mimi, na nikamsomea mimi, maana nyumbani hakuna mwingine wa kusoma. Ilisema aje saa mbili asubuhi na mtu wa kumshika mkono. Mimi nilimsomea kwamba mashine imeharibika, wataandika tena. Niliisoma vizuri, hata mhuri niliusoma. Akasema, "Haya, tufanyeje. Washa runinga." Hakuuliza mara mbili. Tarehe tisa ilipofika, saa mbili asubuhi, alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage kwa vidole, mimi nikaenda zangu kibandani.

Jana asubuhi alikuwa anatafuta kikombe akajimwagia birika la maji ya moto. Nilirudi jioni nikakuta mkono ameuficha chini ya shuka. Alisema hakutaka kunitoa kazini kwa jambo dogo. Akaniuliza leo kuna filamu gani.

Kwa hiyo futa namba zote, ya kwanza mpaka ya sita. Fungua macho yote mawili, siku yoyote utakayotupa, hata kama ni ya mbali, na huo mkono umtazamie. Siku hiyo ataletwa na mtu wa kumshika mkono kama mlivyoandika.

Asubuhi hii, tukiwa njiani, nimemweleza ukweli wa barua yenu ya tarehe tisa. Tumekaa hapa muda mrefu, na neno la kwanza alilotamka ni kuuliza mbele yetu kuna watu wangapi. Nimesimama nikahesabu. Ni kumi na saba. Nimemwambia kumi na saba.